Thamani ya Ardhi Inakwenda Wapi? Historia ya Karatu na Ngorongoro

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi mpya katika mawili ya makoloni yao. Kule Tsingtao, bandari ya China waliyoitwaa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, amri ya Septemba iliweka kodi ya asilimia 6 kwa mwaka juu ya thamani ya ardhi tupu. Jengo halikuhesabiwa. Aliyeuza kiwanja kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia aliiachia serikali theluthi moja ya ongezeko hilo. Watawala walijua kwamba gati, barabara na mabomba ya maji yangejengwa kwa fedha za umma, na hawakutaka walanguzi wajinunulie ufuko mzima kisha wakae wakingoja bei ipande kwa jasho la wengine.

Huku Afrika ya Mashariki, kuanzia Aprili ya mwaka huohuo, kodi ilidaiwa kwa kibanda. Mwenyeji wa shamba alitakiwa kulipa rupia 3 kwa kila kibanda, na asiye na rupia alilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi. Thamani ya ardhi haikuguswa. Tangu amri ya Novemba 1895, ardhi yote ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa ni yake ilihesabiwa kuwa mali ya dola, na dola iliigawa kwa walowezi na makampuni.

Kwa hiyo hata watawala wa wakati ule walijua namna ya kutoza thamani ya ardhi. Walichagua nani wamtoze. Katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro uchaguzi huo umerudiwa na kila utawala uliofuata kwa zaidi ya miaka 120, na karibu kila mara umeangukia upande uleule: mwenye kibanda alipe, na thamani ya ardhi ibaki kwa aliye karibu na boma.

Nchi iliyoitwa tupu

Machi 1892 mpelelezi Mwaustria, Oscar Baumann, alifika kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kushuka chini. Aliwakuta Wamaasai wamedhoofu kwa njaa. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wao, na ndui nayo ilikuwa imepita. Watawala waliokuja nyuma yake waliiona nchi ikiwa katika hali hiyo: malisho mapana, mifugo michache, watu wachache. Janga la miaka michache wakaligeuza kuwa ushahidi kwamba ardhi haina mwenyewe.

Haikupita miaka mingi, ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, wakajipatia mashamba ndani ya kreta, mmoja upande wa Mto Munge, mwingine upande wa Lerai. Walikaa hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa. Baada ya vita mali za Wajerumani ziliuzwa, na shamba la kreta likaingia mikononi mwa Sir Charles Ross, tajiri wa Uskoti. Ardhi ilihama kutoka mgeni hadi mgeni. Mfugaji aliyenywesha ng'ombe wake hapo kabla ya sotoka hakuwa na nafasi katika mapatano hayo.

Upande wa kusini mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine. Wairaqw walikuwa wamebanana katika milima ya Irqwa Da'aw, eneo la Kainam huko Mbulu. Kwao ardhi iligawiwa ndani ya aya, yaani jumuiya yenye mipaka yake, chini ya wazee na msemaji wao, kahamusmo. Kijana aliyetaka kuoa na kujitegemea alipewa mahali pa kujenga na kulima. Aya mpya ilipofunguliwa, mpaka wake uliwekwa kwa tambiko mbele ya watu wote. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walianza kushuka kutoka milimani kwenda Karatu, Rhotia na Mbulumbulu, wakifyeka vichaka vilivyokuwa na mbung'o na kugeuza pori kuwa mashamba ya mahindi, maharage na ngano. Haki ya mtu ilitokana na kazi yake pamoja na kutambuliwa na majirani. Karatasi hapakuwa nayo, wala hakuna aliyehisi kuikosa.

Kahawa ya Oldeani

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Ardhi yote ilitangazwa kuwa ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Mlowezi aliweza kupewa haki ya kukaa na kutumia kwa muda usiozidi miaka 99, akilipa pango kila mwaka. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, sheria ya 1915 ilikuwa imewapa walowezi miaka 999. Mwaka 1928 sheria ya Tanganyika ilirekebishwa ili mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila naye ahesabiwe kuwa na haki hiyo, hata bila hati.

Katika maandishi, huo ulikuwa msingi mzuri mno. Ardhi ni ya wote, anayeitumia analipa pango, na pango linaingia kwenye hazina ya wote. Mmarekani Henry George alikuwa ametetea jambo la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1879, akisema kwamba thamani ya ardhi tupu huletwa na jamii nzima, hivyo irudi kwa jamii kwa njia ya kodi, na kazi ya mtu iachwe bila kutozwa. Lakini Tanganyika ya Waingereza iliendelea kumdai Mwafrika kodi ya kibanda na ya kichwa, na ardhi nzuri ikaendelea kugawiwa.

Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Wengi walivutiwa na miteremko ya Oldeani, chini ya misitu ya Ngorongoro. Udongo wa pale ni mwekundu, laini, wenye asili ya volkano. Ukungu wa asubuhi hukaa juu ya miti hadi jua lipande, na vijito hutoka msituni hata wakati wa kiangazi. Kahawa ya arabika inapenda hali hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 mashamba yalifunguliwa moja baada ya jingine, likiwamo lile lililoanzishwa mwaka 1929 na ambalo leo linajulikana kama Gibb's Farm. Vibarua walitoka vijiji vya jirani na hata mikoa ya mbali, na wengi wao walikuwa wakitafuta fedha ya kulipia kodi ya kichwa. Hivyo kodi ya maskini ilifanya kazi mara mbili: iliingiza fedha serikalini na kuwapelekea walowezi nguvukazi.

Vita vya Pili vilipoanza, Wajerumani wa Oldeani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Maadui. Kwa mara ya pili ndani ya kizazi kimoja, serikali ilikuwa na mashamba bora ya nyanda hizi mkononi mwake, bila mmiliki wa kubishana naye. Ingeweza kuwarudishia wenyeji, au kuyakodisha kwa pango linalolingana na thamani yake. Yaligawiwa zaidi kwa walowezi wengine.

Katika miaka hiyo, hukuhuku kaskazini, ripoti ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi ilifungua njia ya kuwahamisha Wameru. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili walowezi wapate eneo moja lisilokatizwa. Mwaka uliofuata mwenzao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwatetea. Hakurudi na ardhi, lakini watu wa kaskazini walijifunza kwamba suala la ardhi ni suala la nani anatawala.

Ahadi za 1958 na 1959

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa rasmi mwaka 1951, ilijumuisha Ngorongoro na watu wake. Miaka michache ya mivutano ilitosha kuonyesha kwamba wafugaji na sheria za hifadhi haviwezi kukaa pamoja bila mapatano. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama zao kwenye mkataba wa kuiachia serikali Serengeti ya magharibi. Kwa upande wao walielewa kwamba Ngorongoro itabaki kuwa nchi yao ya kuishi. Mwaka 1959 sheria ikaunda Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliliahidi Baraza la Wamaasai kwamba pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya watu wa eneo hilo, ya watu yatatangulia.

Ahadi hiyo ilitolewa kwa mdomo wa Gavana. Hati ya ardhi haikutolewa.

Mwaka 1958 pia ndio mwaka ambao Julius Nyerere aliandika kijitabu chake *Mali ya Taifa*. Serikali ya kikoloni ilikuwa imependekeza kwamba Waafrika waanze kumilikishwa ardhi moja kwa moja, waweze kuiuza. Nyerere alipinga. Ardhi, alieleza, ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, na binadamu anamiliki tu kile alichokiongeza kwa kazi yake. Katika nchi ambayo Waafrika ni maskini na wageni ni matajiri, alionya, ruhusa ya kuuza ingewafanya wananchi kuwa wapangaji kwao wenyewe ndani ya miaka 80 au 100. Katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa aliongeza hoja ambayo Henry George angeitambua mara moja: mtu anaweza kushika kiwanja mjini bila kukiendeleza, akawaachia wenzake wajenge viwanja vyote vinavyokizunguka, na bei ya kiwanja chake ikapanda bila yeye kunyanyua jembe.

Uhuru ulipopatikana, hoja ikawa sheria. Mwaka 1963 milki za kudumu zote, ambazo zilikuwa chini ya asilimia moja ya ardhi ya nchi, zilibadilishwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99. Walowezi hawakuwa tena na kura za kuzuia. Ni nchi chache za Afrika zilizofanya mageuzi hayo kwa utulivu kiasi hicho.

Sehemu ya pili ya hoja ya Nyerere haikutekelezwa. Kama thamani ya kiwanja hupandishwa na jamii, basi jamii ilipaswa kuipima thamani hiyo kila mwaka na kuikusanya. Sheria ilichukua njia nyingine: ilisema ardhi tupu haina bei, kinachohesabika ni maendelezo, yaani nyumba, miti na mazao. Kanuni hiyo ililenga kumzuia mlanguzi. Ikaja kumwangukia pia mtumiaji mdogo, kwa sababu serikali ilipoichukua ardhi yake ilimlipa kibanda na migomba tu, na kwa ardhi yenyewe haikumlipa kitu. Mfugaji aliumia zaidi. Malisho ya vizazi hayana ukuta wala shina la kahawa, hivyo mbele ya mthamini hayakuwa na thamani yoyote.

Wabarabaig wa Hanang waliyaona hayo mapema. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho yao ya Basotu kwa mashamba ya ngano. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikakikatalia kwa hoja kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Ngorongoro nako, mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote.

Baba na mwana wa Kambi ya Simba

Kata ya Mbulumbulu, ambayo sasa iko Wilaya ya Karatu na wakati ule ilikuwa Mbulu, ina kijiji kinachoitwa Kambi ya Simba. Huko ndiko ilikotoka kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania huisoma.

Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ilipofika nyanda za Karatu ilikuta ardhi tayari ina watu na mipaka. Mashamba ya baadhi ya watu yaligawiwa wengine. Wapo waliopata kwa mara ya kwanza shamba la kuwatosha, na wapo waliopoteza jasho la baba zao. Mambo yalipolegezwa katika miaka ya 1980, waliopoteza walianza kwenda mahakamani, na wengi wakashinda.

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikuwa miongoni mwao. Januari 1987 walifungua shauri Arusha kudai shamba walilolimiliki kwa mila. Walishinda, wakakabidhiwa shamba, na rufaa ya upande wa pili ikawa inasubiri Mahakama Kuu. Kabla haijasikilizwa, Bunge lilipitisha Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba. Sheria hiyo ilifuta haki zote za kimila katika ardhi iliyoguswa na Operesheni Vijiji, ikakataza fidia, ikasimamisha kesi zilizokuwa mahakamani na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Baba na mwana wakaishtaki sheria yenyewe. Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi, na Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali alisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani. Haki ya kimila juu ya ardhi, alisema, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kusema vinginevyo kungewafanya wananchi walio wengi kuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Tena fidia ya haki haiishii kwenye nyumba na mazao. Hata pale ambapo hakuna maendelezo ya kuonekana, mtu aliyeweka juhudi yake katika ardhi anastahili kulipwa anaponyang'anywa. Vifungu vilivyofuta haki bila fidia na kuwafungia watu mlango wa mahakama vikatupwa.

Wakulima wawili wa Karatu waliibana dola ikubali jambo ambalo sera ilikuwa imelikana kwa miaka 30: ardhi aliyoikalia na kuitumia mtu ina thamani, na anayeichukua anadaiwa thamani hiyo.

Tume, sera na sheria

Wakati kesi hiyo inaendelea, Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameunda Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza watu kwenye mikutano ya hadhara. Pendekezo lake kubwa liligusa mzizi wenyewe. Mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke kwa Rais na watendaji wake. Ardhi ya taifa isimamiwe na Tume ya Ardhi inayowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji.

Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliyaacha mamlaka yote kwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na Sheria ya Ardhi pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikafuata mkondo huo. Zilileta mema mengi: zilikubali kwamba ardhi ina thamani ya kuzingatiwa katika fidia, zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume, na ziliwezesha hati za hakimiliki ya kimila. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Eyasi, walipata kwa utaratibu huo hati ya pamoja juu ya hekta zaidi ya 20,000 za misitu yao.

Kuhusu kodi, Sheria ya Ardhi inataka Waziri anapopanga kodi ya pango aangalie ukubwa wa ardhi, matumizi yake na thamani yake sokoni. Mbegu ya kodi ya thamani ya ardhi imo ndani ya sheria yetu tangu 1999. Haijapaliliwa. Pango linapangwa kwa viwango vya mita ya mraba na ekari, viwango hivyo hubaki nyuma sana ya bei za sokoni, na malimbikizo ni makubwa kiasi kwamba mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa riba ili wadaiwa wajitokeze.

Lami na mita ya umeme

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami kwa msaada wa Japani. Karatu ilikuwa mji mdogo wa vumbi ambao magari ya watalii yaliupita. Ikawa mahali pa kulala, kula na kujaza mafuta kabla ya kupanda hifadhini. Hoteli, kambi za mahema na nyumba za wageni ziliota kando ya barabara, na shamba la mahindi lililotazamana na lami likawa kiwanja cha kuuzwa na dalali. Bei hiyo mpya hakuipandisha mwenye shamba wala dalali. Ililetwa na mlipakodi wa Japani, na wanyama ambao Wamaasai hawakuwamaliza, na msitu wa Oldeani unaotunza maji.

Tazama kodi yenyewe inavyofanya kazi mtaani. Mpangaji wa chumba kimoja anatuma shilingi 5,000 kwa simu kununua umeme. Ujumbe wa LUKU unapoingia, kabla ya kuhesabiwa uniti, shilingi 1,500 za mwezi zimekatwa kuwa kodi ya jengo. Utaratibu huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na ukapandishwa mwaka 2023. Akitaka kurudishiwa, inabidi akapatane na mwenye nyumba. Pembeni ya nyumba hiyo kuna kiwanja kilichozungushiwa michongoma, mwenyewe yuko Arusha au Dar es Salaam, akingoja bei. Hakina jengo, hakina mita, hakikatwi kitu. Kama kimepimwa kinadaiwa pango dogo, na kama hakijapimwa mara nyingi hakidaiwi hata hilo. Anayejenga anatozwa kwa sababu amejenga. Anayengoja anaachwa angoje.

Lawama hii haiishii kwetu. Uingereza, bajeti ya Waziri wa Fedha David Lloyd George ya mwaka 1909 ilipotaka kutoza thamani ya ardhi, Baraza la Mabwana, lililojaa wamiliki wakubwa, liliikataa na kuiingiza nchi katika mgogoro wa kikatiba. Kodi hizo zilipita mwaka 1910 na kufutwa mwaka 1920. Nairobi inatoza ardhi tupu bila jengo tangu enzi za ukoloni, lakini orodha ya uthamini ya mwaka 1980 iliendelea kutumika kwa takriban miaka 40 huku bei za viwanja zikipaa. Sheria ilikuwepo. Aliyekosekana ni mwanasiasa wa kuwaambia wenye viwanja vya thamani kwamba bei yao imepanda na walipe zaidi.

Langoni Ngorongoro

Ipo sehemu moja ambapo Serikali yetu imefanikiwa kukusanya thamani ya ardhi, nayo ni Ngorongoro. Kiingilio langoni, ada ya gari kushuka kreta, malipo ya hoteli zilizo ukingoni: kwa lugha ya uchumi hayo yote ni pango. Mgeni analipia mahali, na mahali hapo hakuna aliyepatengeneza. Mamlaka ya Hifadhi imekuwa miongoni mwa taasisi za umma zinazoingiza fedha nyingi za kigeni.

Waliopewa ahadi mwaka 1959 wamepata fungu dogo na haki zinazoyumba. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu bustani za kujikimu, na mwaka 2009 zikakatazwa tena. Baraza la Wafugaji liliundwa na kutengewa fedha za shule na chakula, lakini kwa hisani ya Mamlaka yenyewe. Idadi ya watu, iliyokuwa takriban 8,000 mwaka 1959, ilikuja kuzidi 100,000, na hoja ya kulinda ikolojia ni nzito, haifai kupuuzwa. Kuanzia Juni 2022 kaya zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kila moja ikipewa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi waliobaki wanasema huduma zilipunguzwa hadi hiari ikakosa maana. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji na kata zao, maelfu walijaza barabara ya kwenda Serengeti, na Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi na nyingine zoezi la kuhama.

Kwa kipimo cha hukumu ya 1994, nyumba na ekari tano ni malipo ya maendelezo. Thamani ya mahali penyewe, ile inayokusanywa langoni kila siku kwa dola, haimo katika hesabu. Kama wakazi hao wangekuwa na sehemu ya pango hilo kwa sheria, mazungumzo ya nani abaki na nani ahame yangekuwa mazungumzo ya watu wenye mali, na uhifadhi wenyewe ungepata walinzi wenye sababu ya kuulinda.

Ugumu uko wapi

Husemwa kwamba kodi ya thamani ya ardhi ni ngumu kwa sababu hatuna wathamini, ramani wala daftari. Hayo ni kweli, na yanatatulika. Mita ya umeme ilifika kwenye nyumba nyingi ndani ya muda mfupi kwa sababu kulikuwa na nia.

Ugumu wa kwanza uko kwa wanaoamua. Diwani, mkurugenzi, mbunge, mfanyabiashara na mwandishi kama mimi, wengi tuna kiwanja mahali fulani kinachongoja. Ugumu wa pili uko kwenye mamlaka ya kugawa ardhi. Pale ambapo kibali cha afisa kinaweza kumtajirisha mtu kwa siku moja, pango la kweli lingekausha faida ya kibali hicho, na wapo wasiotaka ikauke. Ugumu wa tatu ni kumbukumbu ya wananchi. Kodi ya kibanda, kodi ya kichwa, kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003: zote zilimfuata maskini hadi mlangoni. Ukimwambia mzee wa Rhotia kwamba ardhi yake itathaminiwa, atauliza ni lini itachukuliwa, na historia yote hii inampa haki ya kuuliza.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa hatua ni kila kitu. Kwanza haki ya mtumiaji iwe salama: hati za kimila kwa wakulima, hati za pamoja kwa wafugaji na wawindaji, na sauti ya mwisho ya mkutano mkuu wa kijiji kama Tume ya Shivji ilivyopendekeza. Kisha daftari la wamiliki liwe wazi, mtu yeyote aweze kuona nani ameshika nini kando ya barabara. Ndipo pango lipandishwe kulingana na thamani kwa viwanja vya mjini visivyoendelezwa, mashamba makubwa yenye hati na hoteli, huku shamba la familia likisamehewa na kodi ya jengo ikipunguzwa kwa kadiri pango linavyoingia. Fedha hizo zibaki wilayani kwa sehemu kubwa, ili aliyelipa aone maji na zahanati.

Kodi ya thamani ya ardhi itakayoanza kwa mkulima wa Mbulumbulu au mfugaji wa Nainokanoka, Ngorongoro, itashindwa, na itastahili kushindwa, kwa sababu hao wamekwisha kulipa kwa zaidi ya karne moja. Ianze kwa walioshika ardhi nyingi na kulipa kidogo, na ipitishwe bungeni kwa kura ya wazi, ili wananchi wa Karatu na Ngorongoro wajue kila mbunge alisimama upande gani.